Dakika Kumi za Gerson

...nane, naye aishike hivyohivyo, nane iliyojiviringa kama nyoka aliyeshiba, akae nayo huko chini nyumbani kwake, anywe chai taratibu, avue soksi za safari, anyooshe miguu, maana hapa juu kwenye lango la mfereji ni saa mbili asubuhi, saa mbili kamili, na mgawa maji Abdiel yupo, mguu wa kulia umekanyaga ubao, mkono wa kushoto umeshika saa, ila mwenye zamu hayupo, Gerson hayupo, na hatakuwepo, kwa sababu jana kwenye simu Abdiel alimwambia nane... saa mbili kamili, wala si kamili ya hizi simu zinazoongozwa na minara, kamili ya saa ya Abdiel, saa isiyo na mkanda, iliyowahi kuanguka ndani ya mfereji huuhuu ikalala majini siku tatu ikaja kuokotwa kwenye karoti za watu wa chini ikiwa bado inatembea, tena imetangulia dakika mbili, kana kwamba huko majini ilisikia jambo ambalo sisi wa nchi kavu bado, hivyo ndivyo anavyosimulia, na kuanzia hapa mpaka barabara ya lami hakuna aliyewahi kumbishia hadi mwisho, wanachoka njiani... dakika kumi, sheria ya mfereji ndiyo hiyo, haina maneno mengi, zamu yako ikifika uwe langoni na jembe lako, zikipita kumi hujaonekana zamu imelala, ndivyo tunavyosema, imelala, anafunguliwa anayefuata na wewe unangoja mzunguko uende urudi, siku tisa, juu ya tisa ambazo umeshakaa mkavu, jumla kumi na nane, na kwa jua hili la Februari siku kumi na nane hazimwulizi mche una umri gani... na miche ya Gerson ni mia mbili, Abdiel hakuambiwa, ameihesabu mwenyewe akiwa amesimama ng'ambo ya korongo, mia mbili ya kahawa mpya, kila mmoja na kikofia chake cha majani makavu ya mgomba, kama watoto wa chekechea waliopangwa mstari, Gerson aling'oa mibuni yote ya baba yake, ile mizee, akapanda hiyo masika yaliyopita, na mtu wa miaka sitini na tatu akipanda kahawa ujue ameweka hapo miaka yake yote iliyobaki, ikifa haanzi tena, hana ya kuanzia, ndiyo maana ni leo, ndiyo maana haikuwa mwaka juzi alipopanda nyanya, nyanya zingekufa angepanda nyingine akacheka, hapana, Abdiel aliziacha nyanya zikaiva, akasubiri apande kitu kinachouma.

Zimeenda ngapi, shemeji, anauliza Tabitha, anayefuata kwenye ratiba, mke wa ndugu yake wa ukoo, ameketi kwenye jiwe la kufulia na jembe magotini, maharage yake yameanza kutoa maua na anayahofia, na Abdiel bila kuinua uso anamjibu kuwa ni moja na sekunde arobaini, kwa sababu yeye si mgawa maji wa kukisia, waliomtangulia ndio walikuwa wa kukisia, mmoja alikuwa anapima kwa kivuli cha nguzo ya umeme na siku za mawingu anagawa kwa njaa ya tumbo lake, mwingine alikuwa anasinzia, watu wakawa wanapigana majembe hapa langoni mpaka mchungaji akaletwa, halafu akaja Abdiel na saa yake, miaka sita sasa, hakuna aliyetoka damu, waende wakaulize mifereji mingine kama wana mtu wa namna hii, wametoka watu ng'ambo kule kuja kumwazima kama fahali... na maji yenyewe yanapita pembeni, yanarudi korongoni, maana maji ya dakika kumi za kungoja hayana mwenyewe, aliyetangulia ameshaziba kwake na anayefuata hajafungua, basi yanashuka tu kwenye mawe, meupe, mengi, kiangazi hiki ambacho watu wanachota hata matope, na Abdiel anayatazama na leo hayamuumi, leo anayaona mazuri... naangukia wapi, alisema, si saa ngapi, wapi, ndiyo tabia yake Gerson, jana jioni simu iliita na kwenye kioo likatokea jina alilomwandika, SAA NANE, kwa herufi kubwa, amemwandika hivyo tangu aliponunua hicho kitochi, na Gerson akasema kuwa bado yuko Olasiti kwa kijana wake Bariki, amekaa huko wiki nzima anatazamwa macho, kesho alfajiri anarudi, ameambiwa Jumapili baada ya ibada ilisomwa ratiba mpya ya kiangazi naye hakuwepo, "Sasa Abdiel, kesho mimi naangukia wapi?" na Abdiel hakuwa amepanga, mtu asije akasema alipanga, neno lilikuwa limekaa mdomoni miaka ishirini na minne limelainika kama peremende, likatoka lenyewe, "Saa nane," nyuma wakasikika watoto wa Bariki wakigombana, halafu Gerson akauliza, "Nane... jua litakuwa limekaa wapi?" akataka kuonyeshwa kwa simu, kidole hakipiti kwenye simu, na Abdiel akamwambia, "Baba Bariki, nane ni nane, au nikuletee barua uisome?" kimya, Abdiel alikipima, sekunde kumi na moja, halafu yule mzee akasema, "Hapana. Nakuamini," akakata... nakuamini, na hata mimi nilikuamini, na hata mimi nilikuamini bwana mkubwa.

Maana hiyo barua, na hapa popote alipo Abdiel, harusini, kilioni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, akifika kwenye barua watu wanasogeza viti, hiyo barua ilitoka hoteli moja mjini, upande wa Themi, bahasha ndefu, karatasi inayonukia, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, inamwita Abdiel, kijana wa miaka ishirini na saba, leseni mpya mfukoni, aje ajaribiwe kuendesha watalii, yeye aliyejifunza gari kwenye lori la mchanga, aliyekuwa anarudi nyuma na lori mpaka mtoni kwa kusikiliza maji tu, kioo hatazami, wazungu wangempenda, wangempigia picha... na kwa kuwa yeye aliishia darasa la sita, mwalimu akamkataa au yeye akamkataa mwalimu, inategemea anamsimulia nani, akaipeleka kwa Gerson, msomaji wa barua wa kijiji, kidato cha pili, kidato cha pili jamani, na Gerson amekaa kama mfalme mbele ya ghala lake la mahindi, mguu juu ya kigoda, hata kuinuka kumpokea mtu hakuinuka, akaisoma, akasema saa nane, na Abdiel saa nane akaenda, shati limepigwa pasi ya mkaa, akafika na saa saba na nusu kwa heshima, na mlinzi pale getini akaitazama barua akamwambia hiyo nane ya barua ni saa mbili, baba, wenzako wa saa mbili walishaendesha, wameshachaguliwa, wako ndani wanakula... mwanzoni mlinzi alikuwa mmoja, mwaka wa pili akaongezeka mwenzake, mwaka wa tano akaja mbwa, siku hizi mbwa ni wawili na Abdiel aliwatuliza kwa jicho, lakini nane ni ileile, nane hajawahi kuigusa, nane ya Kizungu ambayo ni mbili yetu, jambo ambalo mtoto wa darasa la nne anajua, unahesabu sita, basi, sita mbele au sita nyuma, na huyu wa kidato cha pili asijue, alijua, alijua akaona huyu wa lori la mchanga atavaa kofia ya hoteli atatupita barabarani na kutupigia honi, alimla saa sita, saa sita zimelala tumboni mwa Gerson mpaka leo... "Mbili na nusu," anasema kwa sauti ingawa Tabitha hajauliza.

Na alipochaguliwa mgawa maji, alichaguliwa kwa mikono yote, isipokuwa hawezi kukumbuka vizuri mkono wa Gerson ulikuwa wapi, siku ya kwanza kabisa alijiambia nitazirudisha, moja moja, kila zamu ya Gerson anafunga dakika mbili kabla, dakika mbili nani atajua, mwenye saa ni yeye, na Gerson alikuwa anatazama ubao unashuka, halafu anatazama juu, anachukua jembe lake anaondoka, hasemi, na kutosema kwake kulikuwa kunamchoma Abdiel zaidi, mtu ukimwibia si apige kelele... halafu siku moja akakaa akapiga mahesabu, zamu kumi na tatu kila kiangazi, dakika mbili mbili, akaona kwa mwendo huu saa sita zitakamilika Gerson akiwa na miaka sabini na moja, na kama atakufa kabla, basi ataondoka na za watu, ndipo akajua dakika mbili ni mchezo wa watoto, inatakiwa siku moja ya kummaliza, na siku yenyewe ndiyo hii, ina umande bado kwenye majani ya magimbi... tatu, tatu na kitu, Tabitha anaongea, amesema nini, maua ya maharage yakikauka hayarudi, ndiyo, hayarudi, na kwamba nyani wameshuka tena kutoka msituni, na kwamba mjini sasa wanauza viwanja mpaka karibu na daraja, mwisho watu wa mjini watakuja kunawia magari kwenye mfereji wetu, Abdiel anaitikia kwa pua, macho yako ng'ambo kwenye vile vikofia mia mbili, anaona kimoja kimeanguka, mche uko uchi, majani yake mawili yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, kufika saa sita mchana utakuwa umekunjika, na hicho ni kimoja tu, Gerson atapandisha huku saa nane, atakuja na jembe begani, macho yana dawa, atamkuta Tabitha anamalizia kufunga, atauliza, na Abdiel ameshalitengeneza jibu, amelilaza na kuliamsha tangu jana, atamwambia taratibu, mbele ya watu, "Hiyo nane uliyoambiwa, Baba Bariki, ilikuwa mbili," halafu ataitazama sura yake, hilo tu, hataki kingine, akiiona hiyo sura mara moja inatosha, ataweza kufa... ataweza kulala, ataweza kusimulia mwisho, maana hadithi yake siku zote inakatikia getini kwa mlinzi, watu wanauliza halafu, naye hana halafu.

Baba Lydia, hiyo sauti ni ya Elinipa mkewe, haipo hapa, Elinipa yuko nyumbani, lakini imekuja, ilikuwa mwaka jana anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua hata uso, "Baba Lydia, dakika za Gerson unazijua zote. Za kwetu ziko wapi?" na Abdiel alimjibu kitu cha kuchekesha, akacheka mwenyewe... za kwetu, sasa za kwetu ni jambo la kuletwa hapa, ni ile habari ya zamu yao kulala, mara mbili, ya pili haisimulii, ya kwanza ilikuwa Alhamisi, alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo anahesabu miche ya mtu, amefika mia na sitini akachanganya, akaanza upya, alipofika mia mbili akatoa saa akakuta ni saa tano na dakika kumi na mbili na zamu ya saa tano ilikuwa ya Abdiel, akakimbia mpaka langoni akiwa na jembe la kuazima, akajikuta yeye ndiye mgawa maji na yeye ndiye aliyechelewa, watu wamekusanyika wanamtazama wakisubiri waone, ikabidi ajilaze mwenyewe, akatangaza kwa sauti, "Abdiel zamu yako imelala," na watu wakapiga makofi, na jioni alishawaambia kuwa alifanya makusudi, alitaka kuonyesha kuwa sheria haina shemeji, wakapiga makofi tena, hiyo ikawa hadithi nzuri, aliisimulia mpaka kwa watu wa Elerai alipokwenda kwa Lydia... Elinipa hakupiga makofi, kesho yake aling'oa mahindi yaliyokauka akawapa ng'ombe wa jirani, na migomba yao ile minne nyuma ya nyumba imesimama kama walevi, na Lydia, Lydia ameolewa, ana wawili, walipomwona babu walimwamkia shikamoo kutoka mbali kama mgeni, mkubwa ana miaka mingapi, saba, au yule wa saba ni mdogo, angalia, hajui, lakini muulize tarehe kumi na nane Septemba Gerson alifungua maji saa ngapi atakwambia... nne na nusu, tano, ni tano sasa, nusu imeisha, saa inatembea vizuri, ina haraka yake ileile ya mtoni, na Abdiel anaona kuwa mkono unaoishika una madoa, madoa ya kizee, yamekuja lini, alikuwa wapi, alikuwa hapahapa amesimama akimwangalia mtu mwingine anamwagilia, miaka ishirini na minne, ukisema unaona ni mingi, lakini ilipita kama haya maji hapa pembeni, hayana mwenyewe... acha, acha hayo, hayo ni maneno ya wanawake na mchungaji, leo si siku yake, leo ni siku ya nane.

"...mimi nilidhani ni bubu wa saa," Tabitha anasema, na tayari yuko katikati ya maneno, ameanza zamani, anamsema Gerson, kwamba hajawahi kulaza zamu huyu tangu yeye aolewe hapa, mtu wa kufika kabla ya jembe lake, labda gari limemharibikia njiani, na Abdiel anasema labda, anasema na tumbo lake linacheka, lakini mwanamke anaendelea, anachora chora kwenye udongo kwa kidole cha mguu, anasema alipokuja hapa akiwa bibi harusi alikuwa anamshangaa, ukimwuliza Baba Bariki kikao ni saa ngapi anakuonyesha juu kwa kidole, hivi, ubatizo saa ngapi, kidole, gari la maziwa, kidole, na siku za mawingu anasema tu nitakuja kukuita, na anakuja kweli, anatembea mpaka mlangoni kwako... na hili Abdiel analijua kuliko yeyote, hicho kidole amekichukia zaidi ya mdomo, kwa sababu kila kinapopanda mbele ya watu kinamsema yeye, kinasema mnakumbuka yule wa saa nane, kinamcheka, miaka yote hiyo kidole kinapanda kanisani, kilioni, hapa langoni, kumcheka, kuna mwaka aliota kinaota jani... "Nikamwuliza siku moja tunachuma kahawa," Tabitha anasema, "nikamwambia, Baba, wewe si umesoma, kwa nini husemi saa kama watu. Akaniambia, 'Mama, kuna siku nilichelewa kusema saa, mtu akaenda na ile isiyo. Tangu hapo naonyesha. Jua halina Kizungu.'" Anacheka kidogo, jua halina Kizungu, ana maneno yule mzee, anasema, halafu anarudi kwenye maharage yake na nyani.

Nilichelewa... alisema nini, alisema nilichelewa, si nilikosea, mtu akikosea anasema nilikosea, na mtu mwongo anasema sikukosea, sasa huyu alichelewa vipi kusema jambo ambalo alilisema, alisema nane, Abdiel amesimulia mara elfu, alisema nane, amekaa kama mfalme, mguu juu ya kigoda... mguu ulikuwa na nini, mbona kwenye hadithi mguu uko juu ya kigoda, wafalme hawaweki mguu juu ya kigoda, ulikuwa umefungwa, kitambaa cha shuka la bluu, ndiyo, gogo la mkaratusi lilikuwa limemwangukia wiki ile, unyayo umevimba kama boga, hakuweza kuinuka, ilikuwa hivyo na Abdiel alikuwa ameuacha mguu ndani ya hadithi na kuutoa ule uvimbe, kwa sababu mfalme anachekesha na mgonjwa hachekeshi... nyamaza, inakuja, barua iko mikononi mwa Gerson, midomo yake inatembea, alikuwa msomaji wa polepole yule, kidato cha pili chake kilikuwa cha kuungaunga, alikuwa anasoma kwanza kimya mpaka mwisho ndipo anageuza Kiswahili, na Abdiel amesimama nyuma yake anapumulia shingo yake, hawezi kungoja, moyo unapiga honi, anaziona zile herufi hazimjui wala yeye hazijui, ila katikati pale kuna kitu anachokijua, tarakimu, mviringo juu ya mviringo, na nani alisema nane... nani alisema... "Hiyo nane, hiyo naijua mimi, saa nane," sauti hiyo ilikuwa changa na ina majivuno, ilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele, akaichomoa barua kwenye vidole vya mtu kabla hajafika chini, akashuka mbio kwenye mteremko kwenda kuwaonyesha wanywaji wa mbege, na nyuma yake, hapa ndipo, hapa ndipo pasipokuwemo kwenye hadithi hata mara moja, nyuma yake sauti ikaita, ngoja, Abdiel, ngoja kwanza, mara ya pili kwa nguvu zaidi, ngoja, na yeye alijua anaitwa, alisikia, akadhani anataka kuomba lifti mapema, akacheka, akaongeza mbio, akalala hukohuko kwenye mbege mpaka jua likawa juu, akapiga pasi shati akateremka moja kwa moja mjini... ngoja, hilo neno alilitupa, halikuwa na mahali pa kukaa, mtu mbaya kwenye hadithi haiti ngoja.

Saba, zimeenda saba, au nane, eti nane, dakika ya nane ndiyo inaingia, na Abdiel anatafuta haraka kitu cha kushika, kwamba angetuma mtu, angemtuma mke wake, angepiga yowe kijiji kizima kisikie, mtu akitaka kweli kusema husema, na anaona hasira yake inasimama inatazama huku na huku kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba akakuta zizi limehama, iko palepale, nono, imelishwa miaka ishirini na minne kwa majani ya kila siku, haiwezi kufa kwa sentensi ya mwanamke kwenye jiwe, inataka mtu, inamnusa Gerson inamwacha, inageuka, inakuja inamnusa yeye... mlinzi alikuwa mmoja, hakukuwa na mbwa, mlinzi alikuwa mzee mpole alimpa hata maji ya kunywa, na mbona hakurudi kesho yake, mlinzi alimwambia rudi kesho asubuhi uwaone, huwa wanachukua wengine, saa mbili, baba, saa mbili yetu, alimwambia hivyo, akamwonyesha hata mlango, na kesho yake Abdiel hakwenda, kwa sababu kesho yake alikuwa tayari anaisimulia, watu walikuwa wanacheka na kumhurumia, wanamnunulia, na ilikuwa tamu... tamu, ndiyo neno lake, na bado amemwandika mtu SAA NANE, amemfungia mtu maji dakika mbili mbili naye anatazama jua anaona limeibiwa kidogo anaondoka hasemi, maana anadhani anastahili, mzee anadhani anastahili, ndiyo maana hasemi, na jana akaambiwa au nikuletee barua, sekunde kumi na moja, alikuwa anafanya nini kwenye zile sekunde, halafu nakuamini.

Ng'ambo ya korongo jua limefika kwenye mstari wa kwanza wa vikofia, ule mche ulio uchi umeinama zaidi, na nyuma yake kwenye migomba moshi wa jikoni unapanda, amesharudi, amefika na alfajiri kama alivyosema, yuko pale, hatua za dakika nne kwa mtu mzima na sita kwa mwenye macho yenye dawa, anakunywa chai anasubiri saa nane aliyopewa na mtu anayemwamini, na Abdiel anatia saa kwenye mfuko wa shati, haizimi, inagonga pale kifuani kama inabisha hodi, mkono uleule unatoka na kitochi, kidole gumba kinajua njia, S, jina linakuja lenyewe, na hajamsamehe mtu, mtu asije akasema kuwa amemsamehe, na atasema nini sasa, njoo, atasema njoo, neno moja halina tarakimu, na kama Gerson atauliza kulikoni saa nane, atasema, hapana, hajui, kidole kimeshabonyeza, inaita, anasikia inaita sikioni na ni kama anaisikia inaita na kule ng'ambo chini ya moshi, mguu wake bado umekanyaga ubao, maji bado yanarudi korongoni meupe hayana mwenyewe, inaita, Tabitha ameinua uso, ameshika mpini, naye ana haki yake, maharage hayana kosa... "Shemeji, zimebaki ngapi?"

Anajua, zimebaki sekunde, hahitaji hata kutoa saa mfukoni, miaka sita hajawahi kuulizwa dakika akashindwa kuitaja, anafungua mdomo na tarakimu haiji, ulimi umelala, simu inaita, na mkono ule mwingine, ule wenye madoa ya kizee sawa na mwenzake, unapanda wenyewe, taratibu, kidole kinanyooka mpaka kwenye jua juu ya mikaratusi, kinakaa hapo kidogo, halafu kinasogea juu yake, kama upana wa vidole viwili, kinaonyesha litakapofika.

Tabitha anakitazama kidole, anamtazama yeye.

"Na wewe umeanza," anasema, na hainuki kwenye jiwe.